Dishi Moja, Skrini Mbili: Nani Anachagua?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika, mbele ya wageni kutoka sharika rafiki



Nimepewa dakika ishirini kuzungumzia namna ya kujua kama mradi umemfikia mlengwa. Mliohudhuria semina zilizopita mnajua kuwa mada hii huja na majedwali. Leo sikuleta jedwali. Naomba niwasimulie jinsi nilivyosaidia kufunga televisheni mbili za satelaiti ndani ya gari-nyumba huko Marekani. Kazi ile ndogo ilinifundisha jambo ambalo shahada yangu ya mipango haikunifundisha.

Safari ya kwenda jangwani

Mwezi Oktoba 2018 nilikuwa Minnesota kwa ziara ya uhusiano wa sharika. Wenyeji wangu walikuwa mzee mstaafu na mkewe. Sitawataja majina, nitawaita Mzee na Mama, kama nilivyowaita nikiwa kwao. Kila mwaka baridi inapokaribia hufunga nyumba yao, wakaingia katika gari-nyumba na kushuka hadi jangwa la Arizona, kisha hurudi theluji ikishayeyuka. Wastaafu wengi wa kule hufanya hivyo, nao huitwa kwa utani "ndege wa theluji". Safari yenyewe ni zaidi ya kilometa 2,500, kupitia Iowa, Missouri, Kansas, Oklahoma, kaskazini mwa Texas, na New Mexico.

Kwa wasiolijua, gari-nyumba ni gari la ukubwa wa basi, lenye jiko, choo, meza na sebule upande wa mbele, na chumba cha kulala nyuma. Mwaka ule Mzee aliniomba niwasindikize. Mama alikuwa amepata kiharusi miaka miwili kabla. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vizito, na maneno yalimtoka polepole. Muda mwingi alikuwa kitandani nyuma, na Mzee hakuweza kuendesha na kumwangalia kwa wakati mmoja.

Kabla hatujaondoka, Mzee alinitembeza ndani ya gari. Juu ya paa palikuwa na dishi lililofunikwa kwa kuba ya plastiki. Ukilibonyezea swichi linajizungusha lenyewe na kuitafuta satelaiti. Ndani palikuwa na televisheni mbili, moja sebuleni na nyingine mbele ya kitanda cha Mama. Alinionyesha ile ya nyuma kwa furaha. Aliifunga mara tu Mama alipotoka hospitali, ili asijione ametengwa.

Jioni ya kwanza tulilala Iowa. Ni mwezi wa fainali za besiboli, na Mzee alikuwa sebuleni akitazama. Mimi nilikaa nyuma na Mama, naye televisheni yake ilikuwa inaonyesha besiboli ileile. Nikamwuliza, "Mama, wewe hupenda kutazama nini?" Alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu, "Hutazama anachotazama yeye."

Nilifuata waya kwa macho. Ulitoka kwenye king'amuzi kilichokuwa sebuleni, ukagawanywa mara mbili, tawi moja likaenda kwenye televisheni ya mbele na jingine kwenye ya nyuma. King'amuzi kilikuwa kimoja tu, na rimoti moja, nayo ilikaa kwenye mkono wa kiti cha Mzee. Kwa majira mawili ya baridi Mama alikuwa na televisheni ambayo hakuwahi kuichagulia chaneli hata moja.

Kwa nini kugawa waya hakutoshi

Nilipomweleza Mzee alinyamaza, kisha akaniambia kuwa hakuwahi kulifikiria. Kesho yake tulisimama kwenye duka la vifaa vya magari-nyumba, akanunua king'amuzi cha pili na kigawanyio kingine, safari hii ili agawe waya unaotoka kwenye dishi. Jioni tukafunga. Televisheni ya mbele ikashika, ya nyuma ikagoma. Tukibadilisha hapa, kule picha inakatika. Ndugu zangu mafundi mnacheka, maana mnajua tulikosea wapi. Naomba niwaeleze wengine.

Satelaiti za televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilometa 35,786 kutoka ardhini, na huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia. Ndiyo maana kwetu huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Dishi hukusanya mawimbi yake hafifu na kuyaelekeza kwenye kile kichwa kilicho mbele yake, ambacho mafundi wetu hukiita LNB. Kichwa hiki hukuza mawimbi, huyashusha hadi masafa yanayoweza kupita katika waya, kisha huyapeleka kwenye king'amuzi.

Sasa, wengi hudhani kuwa waya ule ni kama bomba la maji, kwamba kila kitu kinateremka tu. Sivyo. King'amuzi nacho hutuma amri kupanda juu kwa waya uleule. Ukichagua chaneli, kinaiambia LNB ikipe kundi lipi la mawimbi. Katika mifumo mingi amri hiyo ni umeme wenyewe: volti 13 kwa kundi moja, volti 18 kwa jingine. Ukiunganisha ving'amuzi viwili kwenye tundu moja la LNB kwa kigawanyio cha kawaida, mmoja anaagiza hili, mwingine anaagiza lile, na LNB haiwezi kuwatii wote wawili. Yule amri yake inayoshinda anapata picha, mwenzake anabaki na kioo cheusi.

Dawa yake ni kila king'amuzi kiwe na njia yake hadi kwenye LNB yenye matundu mawili au zaidi. Ipo pia mitambo mipya inayotumia waya mmoja kwa ving'amuzi vingi, lakini hiyo nayo huhitaji LNB na kigawanyio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Huwezi kuokota kigawanyio chochote dukani.

Tulipochunguza kuba ya juu ya paa tukakuta ina tundu la pili lililozibwa kwa kifuniko. Mzee akapitisha waya mpya, mnene na wenye ngao nzuri, kwa sababu ule wa zamani uliokuja na gari ulikuwa mwembamba, wa antena ya kawaida, nao hupoteza nguvu nyingi ya mawimbi ya satelaiti. Tukawasha. Televisheni zote mbili zikashika. Mama akapewa rimoti yake kwenye mkono wa kushoto. Akatafuta taarifa ya hali ya hewa ya Minnesota, kwa sababu wajukuu wake wapo kule, na akatulia hapo. Tulipiga makofi.

Baada ya nusu saa Mzee alibadilisha chaneli kule mbele. Tukasikia kuba ikinguruma juu ya paa. Picha ya Mama ikapotea.

Anayeshika usukani wa dishi

Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Kampuni waliyolipia hurusha chaneli zake kutoka satelaiti zaidi ya moja, mojawapo ikiwa nyuzi 110 Magharibi na nyingine nyuzi 119 Magharibi. Dishi la ndani ya kuba lilikuwa dogo, nalo hutazama satelaiti moja tu kwa wakati mmoja. Tundu la kwanza ndilo kiongozi. King'amuzi cha tundu la kwanza kikitaka chaneli iliyo kwenye satelaiti nyingine, dishi linageuka, bila kujali anayetazama kwa tundu la pili. Wa pili ana uhuru, lakini ndani ya mipaka ya wa kwanza.

Kwa hiyo palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na kuba na kumwomba Mzee asiguse baadhi ya chaneli Mama anapotazama. Ya pili ni kubadilisha matundu, Mama awe kiongozi na Mzee amfuate. Ya tatu ni kununua dishi la kusimamisha chini kwa miguu mitatu, lenye LNB inayotazama satelaiti zote kwa pamoja na yenye matundu ya kutosha. Njia hii ya tatu humpa kila mtu chaguo lake kamili, lakini ina jasho. Kuba inahitaji kidole kimoja tu. Dishi la miguu mitatu unalishusha kila mnaposimama, unalisawazisha kwa pima maji, unalielekeza kwa dira, unalikaza ili upepo usilitikise, na kesho asubuhi unalifungua tena.

Mzee alikuwa na miaka 74 na goti bovu. Usiku ule, kabla hatujalala, aliniuliza kama kweli kuna haja, maana Mama hakuwa amelalamika hata mara moja. Sikumjibu. Mama alikuwa macho, na alimsikia. Kwa sauti yake ile ya polepole akamwambia, "Ningelalamika vipi? Ulikuwa umenipa televisheni."

Kesho yake Mzee alinunua dishi la miguu mitatu.

Kazi yenyewe

Tulifika Quartzsite, mji mdogo wa Arizona ambao kila majira ya baridi hujaa maelfu ya magari-nyumba. Wao huegesha La Posa, ardhi ya serikali ya Marekani ambako kibali cha msimu ni cha kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Sehemu kubwa ya eneo lile ni changarawe na vichaka. Hakuna nguzo ya umeme ya kuunganisha gari lako.

Tukafunga dishi. Huko Minnesota, satelaiti ya nyuzi 110 huonekana kusini, ikielemea magharibi, kwa kimo cha karibu nyuzi 36 kutoka upeo wa macho. Quartzsite iko mbali upande wa magharibi na kusini, kwa hiyo satelaiti ileile huonekana karibu kusini kabisa, imeelemea mashariki kidogo, na imepanda hadi karibu nyuzi 50. Satelaiti haikusogea, sisi ndio tuliosogea. Aidha, dira ya sumaku kule hutofautiana na kaskazini halisi kwa nyuzi zaidi ya 10, na usipoirekebisha utatafuta hadi giza liingie. Dishi linalotazama satelaiti zaidi ya moja lina kipimo cha tatu pia: lazima liinamishwe ubavu kidogo, kwa sababu satelaiti zimejipanga kwa mstari wa upinde angani. Tulihangaika saa mbili siku ya kwanza. Siku ya tatu Mzee aliweza peke yake kwa dakika ishirini.

Likabaki suala la umeme. Televisheni mbili za wati 35 na ving'amuzi viwili vya wati 20 ni jumla ya wati 110. Ukijumlisha kinachopotea kwenye inveta, betri za volti 12 zinatoa kama ampea 10. Kwa saa nne za jioni hizo ni ampea-saa 40. Walikuwa na betri mbili za ampea-saa 100 kila moja, za kawaida za risasi, ambazo si vizuri kuzitumia zaidi ya nusu. Kwa hiyo televisheni peke yake zingekula ampea-saa 40 kati ya 100 zilizopo, na bado kuna taa, pampu ya maji, na feni ya hita usiku wa jangwani. Walikubaliana kwa mdomo: kila mmoja saa mbili na nusu kwa jioni, anajipangia mwenyewe. Mama alichagua kuanzia saa kumi na mbili. Mlisikia hapo? Mama alichagua.

Zawadi niliyoikataa

Siku niliyoaga, Mzee alitaka kunipa ile kuba ya zamani niilete nyumbani kwa ajili ya kituo chetu. Ilikuwa nzima na ya bei kubwa. Ilinibidi niseme hapana, na mbele ya wageni wetu leo napenda nieleze sababu, ili mtu asidhani tuna kiburi.

Kuba ile ilitengenezwa kutafuta satelaiti za kampuni za Marekani tu. Sisi tupo karibu nyuzi 35 Mashariki. Kutoka hapa hadi nyuzi 110 Magharibi ni tofauti ya nyuzi 145, wakati satelaiti ikizidi kiasi cha nyuzi 81 kutoka ulipo haionekani tena. Satelaiti ile kwetu iko chini ya miguu, upande wa pili wa dunia. Hata mpangilio wa mawimbi ni tofauti: yale ya Marekani huzunguka kama parafujo, na ya dishi zetu husimama wima au kulala. Hapa kwetu DStv hupatikana kwenye nyuzi 36 Mashariki, ndiyo maana dishi zake hutazama karibu utosini, na Azam iko nyuzi 7 Mashariki, kwa hiyo dishi zake hutazama magharibi. Kuba ya Mzee ingezunguka juu ya paa la kituo chetu ikitafuta kisichokuwapo, na sisi tungeendelea kuandika kwenye ripoti kuwa tumepokea dishi.

Mzee hakukasirika. Aliniuliza, "Basi ninyi mnahitaji nini?" Katika miaka yangu yote ya kazi hii, swali hilo nimelisikia mara chache kuliko mnavyodhani.

Nyumbani

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye kituo kimoja cha afya cha Dayosisi. Pale tulikuwa na dishi, king'amuzi kimoja kwenye chumba cha mapokezi, na waya uliogawanywa kwenda wodi ya wazazi. Katika ripoti yangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: televisheni mbili, moja kwa ajili ya elimu ya afya kwa akina mama. Nikawauliza akina mama wodini huwa wanatazama nini. Mmoja akasema, "Mpira wa mlinzi."

Tulibadilisha LNB ikawa ya matundu mawili na tukanunua king'amuzi cha pili. Haikuwa gharama kubwa. Kilicholeta mabishano kwenye kamati ni malipo ya kila mwezi ya king'amuzi hicho. Mjumbe mmoja alisema akina mama hawajalalamika. Nilimkumbuka Mzee. Nikaomba mkuu wa wodi aitwe aeleze, na baada ya kumsikia kamati iliingiza malipo hayo kwenye bajeti.

Ndugu zangu, naomba mrudi sharikani na mambo matatu.

Kwanza, mnapoandika kuwa mradi una walengwa wawili, fuateni waya hadi mwisho. Wa pili ana njia yake, au anapokea nakala ya kilichochaguliwa na wa kwanza? Kikundi cha akina mama kilicho na akaunti benki, lakini kitabu cha hundi kinakaa kwa mwenyekiti wa kamati, ni televisheni ya nyuma.

Pili, msisubiri malalamiko. Aliyepewa kitu huona aibu kulalamika. Nendeni mkae kitandani kwake, mwulize anatazama nini.

Tatu, na hili ni kwa wageni wetu wapendwa: kabla ya kufunga sanduku, ulizeni. Na sisi tukiulizwa tuseme kweli, hata kama kweli hiyo ni "hapana, asante".

Mama alifariki mwaka 2021. Mzee aliniandikia barua. Alisema hajutii bei ya king'amuzi cha pili wala goti lake. Anachojutia ni majira yale mawili ya baridi ya mwanzo, alipokuwa akipita chumbani, anaona televisheni inawaka, na anaridhika.